Sita ni ya salio: kwa nini hatuhamishi tena namba za menyu

Tuna mteja Garissa anayeuza mbuzi. Ni mzee, herufi hazisomi, lakini menyu yetu anaijua kuliko baadhi yetu tunaokaa ofisini. Simu yake ni kabambe, vitufe vimefutika maandishi, na wala havitazami. Anapiga namba ya huduma, anangoja kidogo, sita, namba ya siri, basi. Salio linatokea, na tarakimu anazisoma vizuri tu.

Siku moja tukabadilisha menyu. Tulikuwa na huduma mpya ya mkopo na tulitaka watu waione, kwa hivyo tukaiweka namba sita, salio tukalisukuma hadi saba. Tuliwatumia wateja wote ujumbe wa kuwajulisha. Ujumbe wenyewe ulikuwa mzuri, Kiswahili safi, na sisi wa kitengo cha masoko ndio tuliouandika.

Wiki hiyo mzee akauza mbuzi wanne. Mnunuzi akasema ameshatuma. Mzee akapiga namba, sita, kisha tarakimu zake nne za siri kama kawaida. Lakini pale kwenye sita sasa palikuwa pakimwuliza anataka kukopa kiasi gani, kwa hivyo zile tarakimu nne zikawa kiasi. Simu ikauliza kitu tena, akadhani kidole kimeteleza, akaweka namba ya siri mara ya pili. Mkopo ukaingia. Shilingi alizokopeshwa zilikuwa sawasawa na namba yake ya siri.

Sasa sikiliza kilichofuata. Alipoona salio limezidi hesabu yake, hakufurahi. Alimkimbilia mnunuzi kabla gari la mbuzi halijaondoka, akamwambia umenizidishia, chukua chako. Mnunuzi akatazama simu yake, akasema mimi nimetuma bei tuliyopatana. Wakaenda pamoja kwa ajenti, kijana anayewajua wote wawili.

"Adeer, hizi si za mnunuzi," ajenti alimwambia baada ya kusoma ujumbe. "Umekopa."

"Nimekopa kwa nani?"

Swali hilo tulisimuliwa na ajenti mwenyewe. Mkopo ule ulikuwa na ada. Kwa wengine ada kama hiyo ni kero ya shilingi kadhaa. Kwa mzee huyu, na kwa wateja wetu wengi Garissa, Wajir na Mandera, ada juu ya mkopo inagusa suala la riba, na hapo hatuzungumzii kero tena. Halafu namba yake ya siri ilikuwa imeandikwa wazi ndani ya ujumbe kama kiasi cha deni, na watu wawili zaidi ya yeye walikuwa wameshauona. Mkopo tuliufuta, ada tukaiondoa, naye akabadilisha namba ya siri siku hiyo hiyo. Alipokuja ofisini hakuomba fidia. Aliuliza nani alituruhusu kugusa sita.

Makala haya yameanzia kwenye swali lake. Tutaeleza jinsi tunavyopanga menyu na apu sasa, na wewe ufanye nini ili pesa yako iende unakotaka iende, uwe umejiunga jana au unatuma mara thelathini kwa siku.

Mgeni ni nani, mzoefu ni nani?

Watu wanaotengeneza programu hupenda kugawa watumiaji mafungu mawili. Kuna wageni, ambao wanahitaji kushikwa mkono na kuelezwa kila hatua, na kuna wazoefu, ambao wanataka njia fupi na hawataki kuulizwa maswali. Sisi pia tuligawa hivyo, na mzee wetu tukamweka upande wa wageni kwa sababu hasomi. Kumbe yeye ni mzoefu kabisa, ila uzoefu wake haupo machoni, upo kidoleni.

Garissa ni mahali ambapo tungepaswa kulijua hilo mapema. Sokoni kwa mifugo bado kuna wanaopatana bei kwa vidole chini ya kitambaa, mnunuzi na muuzaji wameshikana mikono na hakuna anayetamka neno. Kwa mtu aliyekulia katika hesabu ya namna hiyo, kukariri njia ya tarakimu tano si kazi. Tena wengi tunaosema hawajui kusoma wamepita duksi na wanasoma Kurani kwa herufi za Kiarabu bila kukwama. Herufi wasizozijua ni hizi za menyu yetu. Kisomali chenyewe kilipata maandishi rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na hiyo ilikuwa upande wa Somalia. Shule za Kenya zimeendelea na Kiingereza na Kiswahili. Kwa hivyo mtu anaweza kuongea lugha tatu sokoni na bado menyu ikawa kwake ukuta wa maandishi wenye namba pembeni. Anaingilia kwenye namba.

Ndiyo maana kuhamisha namba kunaumiza watu kwa viwango tofauti kabisa. Anayesoma akikuta salio limehamia saba ataudhika sekunde mbili, kisha macho yatampeleka saba. Anayetumia kidole hana habari kwamba kuna kilichohama. Hatapata hata nafasi ya kuudhika, atakuwa ameshabonyeza.

Sasa tuna sheria. Namba iliyokwisha kupewa kazi haipewi kazi nyingine. Huduma mpya inakwenda mwisho wa orodha, hata kama sisi wa masoko tunatamani ionekane mbele (na tunatamani, hatudanganyi). Huduma ikifungwa, namba yake inabaki wazi. Ukiibonyeza unaambiwa huduma haipo tena na unarudishwa mwanzo. Mkopo nao tumeubadilisha mlango: swali lake la kwanza ni 1 kuendelea au 2 kurudi, na ukiweka tarakimu nne pale simu inakataa. Mtu anayefuata njia ya salio kwa mazoea hawezi tena kuangukia deni.

Ukitaka kujua kwa nini hatukuligundua hili mezani, kumbuka M-PESA yenyewe ilivyoanza. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, na shabaha ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake kwa umma ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Wakati huo hakuna aliyekuwa mzoefu nchini, wote walikuwa wageni, na bado wageni hao ndio waliowaonyesha wenye kampuni huduma yao ni ya nini. Kukaa ofisini na kubuni mteja kichwani ni rahisi. Kukaa kwa ajenti siku ya soko na kutazama vidole vya watu ndiko kunakofundisha, na sisi tulichelewa kwenda.

Mzoefu hasomi

Upande wa pili kuna dalali wa mifugo, na kuna mwenye duka Suq Mugdi anayelipia bidhaa zake Eastleigh. Hawa wanatuma asubuhi mpaka jioni, na lalamiko lao ni moja: mnatuchelewesha. Ile skrini ya mwisho inayouliza kama una uhakika, kwao ni kama askari wa kizuizini anayekusimamisha kila siku na kila siku anakuruhusu kupita. Kidole kinabonyeza 1 kabla macho hayajafika.

Na hapo ndipo sifuri ya ziada inapopita. Mtu anataka kutuma 15,000, anatuma 150,000. Anayefanya kosa hili si mgeni. Mgeni anahesabu sifuri zake moja moja, wakati mwingine anamwuliza jirani. Ni yule mwenye kasi, mwenye simu sikioni na nyingine mkononi.

Zamani kosa hilo lilikuwa na ukuta. Hadi Machi 2020 muamala mmoja haukuweza kuzidi shilingi 70,000. Mwezi huo, corona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ikaruhusu kiwango kipande hadi 150,000, na Agosti 2023 kikapanda tena hadi 250,000. Wafanyabiashara wa mifugo walifurahi, na walikuwa na haki. Ngamia mkubwa anapita laki moja bila shida, na chini ya ule ukuta wa zamani ilibidi umlipe vipande vipande huku mwenye ngamia ameshika kamba akisubiri kipande cha mwisho. Lakini ukuta uleule ulikuwa unazuia sifuri ya ziada, na ulipoondoka hakuna aliyeweka kitu mahali pake.

Tulichoweka sisi ni maneno. Kabla ya kukubali, kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia: 15,000, elfu kumi na tano. Jicho linaloruka sifuri haliruki neno "laki". Kwa anayesoma tarakimu tu, tumeweka alama ya mkato kila baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, jambo dogo ambalo lilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna hatua moja zaidi, nayo haitokei kila mara. Ukituma kiasi kikubwa kuliko unavyotuma kawaida, hatukuulizi kubonyeza 1. Tunakuomba uandike kiasi upya. Kama uliandika 150,000 kwa bahati mbaya, mara ya pili utaandika 15,000, hazitalingana, na muamala utasimama. Wengine wametuuliza kwa nini tusifanye hivyo kwa kila muamala, si ingekuwa salama zaidi? Isingekuwa. Onyo linalotokea kila siku kidole hulizoea, na wiki mbili baadaye lingekuwa kitufe kingine tu cha kubonyezwa bila kuangalia. Tunaliweka pale ambapo kosa ni ghali, na kwingine tunakuacha upite.

Jina kabla ya namba

Kaskazini Mashariki ilijua kutuma pesa mbali kabla ya simu za mkononi. Watu walitumia hawala, na wengine wanatumia hadi leo. Unaingia ofisini, unasema pesa inakwenda mji gani na kwa nani. Anayepokea upande wa pili anajulikana, au kuna mtu wa kumjua. Jina lilikuja kwanza. Sisi wa simu tukageuza, tukaweka namba kwanza, na namba kumi zinakosewa kwa urahisi kuliko jina la mtu.

Skrini inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kukubali ilikuja kurudisha kile ambacho hawala ilikuwa nacho. Inasaidia sana, lakini Garissa ina mitego yake. Mtego wa kwanza ni kwamba majina mawili hayatoshi. Fungua kitabu cha majina kwenye simu ya mtu yeyote mjini uhesabu akina Mohamed Abdi. Kinachotofautisha ni jina la tatu, la babu. Kwa hivyo tunaonyesha la kwanza na la tatu kamili, la katikati tunaonyesha herufi ya mwanzo tu. Hatuonyeshi yote kwa sababu mtu akiweza kuingiza namba yoyote na kupewa jina zima la mwenyewe, basi matapeli wamepata daftari la bure, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuyalinde majina hayo.

Mtego wa pili ni majina ya utani. Mtu unamjua kwa Dheere tangu mkiwa watoto kwa sababu ni mrefu, umemhifadhi kwenye simu kwa Dheere, halafu skrini inakuletea jina hujawahi kulisikia. Wengine wanaghairi kwa hofu. Wengine, na hawa ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, wamezoea kuona majina wasiyoyajua na wanakubali tu.

Mtego wa tatu una historia. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini Mashariki aliyetaka kitambulisho alipitia uchunguzi wa ziada ambao vijana wa kaunti nyingine nyingi hawakuupitia, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba unafutwa. Huku kitambulisho kikichelewa, maisha hayakungoja. Laini ikasajiliwa kwa jina la kaka, la mjomba, la mume. Kwa hiyo mama anayekuuzia maziwa ya ngamia anaweza kutokea kwenye skrini kama mwanamume usiyemjua, na bado namba ikawa sahihi.

Mtego huu hatuwezi kuumaliza peke yetu. Fanya hivi: kabla ya kumtumia mtu mara ya kwanza, mwulize laini imesajiliwa kwa jina gani, halafu lihifadhi hivyo kwenye simu yako, Dheere na jina la kitambulisho pamoja. Na kama wewe ndiye unayetumia laini ya ndugu na sasa una kitambulisho chako, sajili laini yako. Pesa iliyo kwenye laini ya mtu mwingine kisheria inasomeka kuwa yake, na tumeshaona misiba ambapo familia ilibaki imekaa inabishana juu ya salio la marehemu ambalo halikuwa la marehemu.

Njia ya mkato, na kitu kimoja usichokiweka ndani yake

Wafanyabiashara wenye jamaa Kismayo au Mogadishu wametuuliza mara nyingi kwa nini hatuna kitu walichokizoea huko. Wanaotumia EVC Plus ya Hormuud hawapiti menyu. Wanaandika mstari mmoja: nyota, 712, nyota, namba ya mpokeaji, nyota, kiasi, alama ya reli, kisha wanapiga. ZAAD ya Telesom kule Somaliland inafanya vivyo hivyo kwa 220. Anayejua namba ya muuzaji analipa kabla hajapewa mfuko.

Sasa na sisi tunayo. Andika namba yetu ya huduma bila reli ya mwisho, ongeza nyota, 1 ya kutuma, nyota, namba ya simu, nyota, kiasi, halafu reli. Unarukia moja kwa moja skrini ya jina na kiasi kwa maneno, unaweka namba ya siri, umemaliza. Utagundua ile 1 ni 1 ileile ya menyu ndefu. Hatukubuni lugha nyingine kwa wazoefu. Njia fupi ni menyu ileile iliyokunjwa, kwa hivyo anayejifunza menyu ndefu leo, kesho anaweza kuikunja bila kufundishwa upya. Na skrini ya jina haikunjwi kwa yeyote.

Usiweke namba ya siri ndani ya mstari huo, hata kama mtu amekuambia inafanya kazi. Mstari uliopigwa unabaki kwenye orodha ya simu ulizopiga, sawa na namba nyingine yoyote, na atakayeshika simu yako ataukuta. Jambo jingine linalohusiana: kwenye menyu ya nyota na reli simu nyingi zinaonyesha namba ya siri waziwazi unapoiandika, hazifichi kwa vitone. Mbele ya kaunta, kinga skrini kwa kiganja.

Mtandao ukiwa mbaya

Menyu ya aina hii ina udhaifu ambao mzoefu wa mjini haujui, kwa sababu haujawahi kumkuta. Ukikaa muda mrefu bila kubonyeza, inajikata. Mwenye kasi hamalizi hata robo ya muda huo. Anayesoma pole pole, au anayesubiri mjukuu amsomee, anakatwa katikati na kuanza upya, mara ya tatu anakata tamaa na kumpa ajenti simu pamoja na namba ya siri. Kila mara tunaposema "usimpe mtu namba yako ya siri", na tunasema sana, tujue kwamba menyu inayokimbia ndiyo inayowasukuma watu kuitoa. Sasa tumegawa hatua ndefu kuwa fupi fupi, swali moja kwa skrini. Kwa aliyekatwa, akipiga tena ndani ya dakika chache anakuta namba ya mpokeaji aliyoandika bado ipo.

Halafu kuna maeneo ambako mnara ni mmoja na ukizimika hakuna mwingine. Minara imewahi kushambuliwa katika kaunti hizi, na hata siku za amani jenereta huishiwa mafuta. Muamala unaenda, ujumbe wa kuthibitisha haurudi. Mtu anafikiri haukuenda, anatuma tena. Usitume tena. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imeshatoka, na ujumbe utakuja mtandao ukirudi. Sisi nasi tumeweka kinga: namba ileile na kiasi kilekile ndani ya dakika chache, tunakuuliza kama kweli unataka mara mbili.

Salio ni dawa ya tatizo jingine pia. Matapeli hutuma ujumbe uliotengenezwa ufanane na wetu, kisha wanapiga simu: nimekutumia kwa makosa, tafadhali nirudishie. Au mteja anaonyesha ujumbe kwenye simu yake na kuondoka na mali. Akina mama wa maziwa ndio wanaolengwa sana, kwa sababu wana wateja wengi wa pesa ndogo na mikono yao ina kazi. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Salio linatoka kwetu tu. Kabla ya kutoa bidhaa au kurudisha chochote, sita, namba ya siri, angalia. Ndiyo maana tulipojenga apu tuliweka salio kwenye kona ileile ya kila ukurasa, likiwa limefichwa mpaka uliguse, na mambo ya taarifa za mwezi, malipo ya watu wengi kwa pamoja na kadhalika tukayaweka nyuma ya kitufe kimoja ambacho asiyeyahitaji hatalazimika kukiona.

Wengine hutuuliza kwa nini tusiache namba kabisa tutumie alama ya kidole. Mpango wa Hunger Safety Net uliwahi kufanya hivyo, Wajir na Mandera zikiwemo: familia zilipewa kadi na zilitambuliwa kwa kidole, hakuna cha kukariri. Kwa mgeni ni rahisi sana. Lakini kidole kinahitaji mashine ya kukisoma, na mashine iko kwa ajenti. Kwenye apu tunayo, kwa wenye simu inayoweza. Mwenye kabambe aliye malishoni na mifugo anahitaji kitu anachoweza kukibeba kichwani.

Sasa tunatafsiri menyu kwa Kisomali. Inachukua muda kuliko tulivyodhani, kwa sababu skrini moja ya aina hii haibebi zaidi ya herufi 182, nafasi na namba zikiwemo, na kiasi kwa maneno kinakula nyingi. Mfuatano wa namba hautabadilika. Tunajaribu pia menyu ya sauti, ambayo unapiga na kusikiliza, na tulimwomba mzee wa mbuzi awe miongoni mwa wa kwanza kuijaribu. Mwanzoni sauti ilikuwa inasoma huduma zote kwanza ndipo ikuruhusu kubonyeza. Alisikiliza mara moja, akaturudishia simu, akasema huyu anaongea sana. Tukaibadilisha iweze kukatizwa wakati wowote. Tulipompa tena hakungoja hata salamu iishe. Alibonyeza sita, akaweka namba ya siri, akasikia salio lake likisomwa kwa Kisomali, kisha akachukua kabambe yake na kupiga ile menyu ya zamani kuona kama zinalingana.